Mwaka wa Kuchemshia Numbi Maji

Jumapili moja, misa ya pili ilipokwisha, mdogo wake Numbi aliningoja kando ya mlango wa kanisa, kofia mkononi. Naye ni mzee sasa, mguu mmoja anauburuta. Alinisalimu kwa mikono miwili, akasema, "Vieux Mwansa, ule dada yetu wa Ulaya, tumemupoteza. Balisha kumuzika kule kule. Shiye tunafanya matanga hapa kwangu, Katuba. Ukuye, baba." Nilikwenda. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, karibu na picha ya Numbi iliyowekwa mezani na maua. Alikuwa bibi mwenye miwani na nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na kama ningekutana naye njiani ningempisha tu bila kumjua. Watu walisimama mmoja mmoja wakasema mambo mazuri. Wajukuu walisema kwa simu, kwa Kifaransa, na simu ikapitishwa karibu na kipaza sauti ili sote tusikie. Kisha yule kijana aliyekuwa akiongoza maneno akauliza, "Iko muntu hapa mwenye alitumika naye zamani?" Mdogo wake akanitazama. Nilisimama, nikasema, "Alikuwa mtu wa kazi," nikaketi. Watu walingoja, wakidhani natafuta neno jingine. Sikuwa nikilitafuta. Yalikuwa mengi mno, na hata moja halikuwa la kusemwa mbele ya turubai lile. Kwa hiyo nayaandika hapa, kwa kuwa nimechoka kutembea nayo.

Habari za wazazi wangu na za shule niliyosoma naziacha. Inatosha kujua kwamba nilimaliza sekondari, sikupata nafasi ya kuendelea, nikapata kazi ya kuosha vioo na kutayarisha vyombo katika laboratwari ya fizikia, kwenye chuo kilichoko njia ya Kasapa. Mwaka ninaousema ni ule uliofuata baada ya nchi nzima kuacha majina ya ubatizo. Tulikuwa tumekwisha kuzoea kuitana Citoyen na Citoyenne, yaani raia, ingawa padri mmoja mzee bado aliniita Joseph akitazama huku na huku kwanza. Laboratwari ilikuwa chumba kirefu mwisho wa jengo, chenye sakafu ya saruji nyekundu niliyoipiga nta kila Jumatatu, madirisha makubwa, na nje yake baraza nyembamba. Upepo ukigeuka, moshi wa kiwanda cha shaba ulitufikia ukiuma kooni, na sote tulikimbilia madirisha. Wengine walifunga kwa ajili ya vifua vyao. Numbi alifunga kwa ajili ya vioo vyake.

Numbi alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, msichana pekee katika fizikia, mtu wa Mitwaba, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake, mtaa wa Kamalondo. Alitembea haraka na kuongea polepole. Kazi yake ilikuwa kutengeneza utando. Alichukua kipande cha kioo kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akakiweka ndani ya kengele ya kioo iliyonyonywa hewa yote, na humo akaivukisha metali inayoitwa vanadium mpaka mvuke wake ukatulia juu ya kioo, mwembamba kuliko chochote ambacho jicho linaweza kukisia. Kisha alikioka kioo kile kwenye tanuru la bomba, akiuachia utando hewa kidogo sana. Hewa ikizidi, utando uliharibika. Ikipungua, uliharibika pia. Uliofaulu ulikuwa na rangi ya chai hafifu. Aliutazama kwenye dirisha, akifumba jicho moja, namna mama anavyotazama meno ya mtoto.

Nitaeleza utando ule ulifanya nini, maana bila hilo hakuna linaloeleweka. Ukiwa baridi, ulikataa umeme karibu kama jiwe. Ukiupasha moto, uliendelea kukataa, kukataa, mpaka ufikie kiwango fulani, digrii sitini na kitu, na hapo kwa ghafla chembe zake zilijipanga upya na ukaupitisha umeme kama metali. Ajabu ilikuwa hii: ukiushikilia kwenye moto wa chini kidogo tu ya kiwango kile, basi mwangaza peke yake uliweza kuusukuma kuvuka. Taa ikipita kwenye lenzi na kuanguka juu yake, umeme ulipita, kifaa kidogo kikagonga *tak*, na balbu nyekundu ikawaka mwisho wa waya. Hakuna mkono uliogusa swichi. Mwangaza ndio uliokuwa mkono. Citoyen Kalenga, mkubwa wetu, mtu mrefu mwenye miwani aliyekuwa ameanzisha kazi hiyo kabla ya kumwachia Numbi, alisema siku moja simu na mashine za kuhesabu zitafungwa na kufunguliwa hivyo. Sisi tulicheka, kwa kuwa simu ya jengo letu haikuwa ikifunguka kwa namna yoyote.

Kazi ya kushikilia moto ule ilikuwa yangu. Hita ya umeme iliyotakiwa kufanya hivyo ilikuwa imeungua kabla sijafika, na nyingine ilikuwa imeagizwa Ulaya, na kila mtu alijua maana ya kuagizwa Ulaya. Basi Kalenga aliomba mafundi wa kiwanda wamtengenezee kisanduku cha shaba chenye matundu mawili ya kuunganishia mipira ya maji, kioo kikalala juu yake, na mimi nikawa na mbabula barazani, lile jiko la makaa tunayoyaita makala, birika kubwa na ndoo ya maji baridi. Mpira mmoja ulipita dirishani kuingia, mwingine kutoka. Nilimimina maji ya moto au ya baridi nikitazama kipimajoto ambacho Numbi alikuwa amekitundika kwenye fremu ya dirisha. Kutwa nzima yeye alikuwa ndani na mimi nje, na dirisha wazi katikati yetu. Akisema "kidogo," nilijua anataka moto. Akisema "basi," nilijua.

Banza, dereva wa chuo, alipita kila asubuhi kuomba kaa la kuwashia sigara. "Mwanaume anamuchemushia mwanamuke mayi asubui, saa sita, mangaribi!" alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kemia. "Hata bibi yangu hajanifanyia vile. Na ule haiko bibi yako!"

"Citoyen Banza," Numbi alijibu kutoka ndani bila kuinua kichwa, "mumwache. Mayi yake inafanya kazi. Yenu munakunywaka mu chupa."

"Aba! Mwansa, umesikia? Anakutetea. Ongeza makala!"

Nilicheka pamoja nao, lakini masikio yangu yalikuwa yanawaka. Kwetu ni mke anayempashia mume maji ya kuoga, na dhihaka ile ilikuwa na meno. Ajabu ni kwamba sikutaka iishe. Siku Banza alipokuwa safarini Likasi, asubuhi ilipita bila mtu kulitaja jina langu na la Numbi katika sentensi moja, nikaona kitu kimepungua.

Saa sita Kalenga alikwenda kula kwake. Sisi tulibaki barazani. Nilikuwa nikifukia viazi vitamu kwenye majivu chini ya birika, naye alileta bukari, ugali wetu, iliyofungwa kwa kitambaa na mchicha wa lenga-lenga wa shangazi yake, uliopikwa na karanga za kusaga. Tulinawa kwa maji yaliyotoka kwenye kisanduku, kwa kuwa yalikuwa bado vuguvugu, tukala sahani moja. Aliniambia jinsi Mitwaba inavyokuwa baridi mwezi wa sita, watu wanaota moto asubuhi wakiwa hawataki kusema na mtu. Aliniambia kwamba mvua ikianza barabara inakatika, na habari za mjini zinafika zimekwisha kuzeeka. Aliuliza mambo pia. Aliuliza kwa nini sikujaribu tena mtihani. Nilisema nitajaribu. Alisema, "Lini?" Nilimpa kiazi. Ninapokumbuka mwaka ule, siuanzi na utando. Naanza na mkono wake ukipuliza majivu kwenye kiazi, akikihamisha kutoka kiganja hiki kwenda kile kwa sababu ni cha moto, na akiendelea kuongea.

Siku utando wa kwanza mzuri ulipofaulu, alivuta mapazia, akawasha ile taa ya kuonyeshea picha, akaielekeza kwenye lenzi. *Tak.* Balbu ikawaka. Kisha akaziba lenzi kwa kiganja, na balbu haikuzimika. Nilidhani imeharibika. Alinigeukia akicheka, sura yake nyekundu kwa ile balbu.

"Angalia. Mwangaza umeenda, aye angali anawaka."

"Na atazimika wakati gani?"

"Mupaka umupoze. Si kumunyima mwangaza tu, apana. Umupoze muzuri, chini kabisa ya pale alianzia."

Kalenga akasema jina lake la Kifaransa, *hystérésis*, kutoka kwenye kiti chake, na kwamba hiyo ndiyo inayofanya kitu kile kiweze kukumbuka. Nilimimina maji baridi. Tulikaa watatu gizani tukingoja balbu ikubali kuzimika, na mimi niliomba kimoyomoyo ichelewe.

Wiki chache baadaye nilikuwa barazani nikikuna kutu kwenye birika, na dirisha la ofisi ya Kalenga lilikuwa wazi. Alikuwa na mgeni, mwenzake wa kitivo kingine.

"Iko nafasi moja tu ya masomo, kwa Ubelgiji," alisema Kalenga. "Laboratwari yenye inafanya tando kama zetu. Commissaire wa serikali atakuya kutuzuru. Akiona kintu kinatembea, atatia sinyatiri kwa karatasi. Asipoona, bon, nafasi inaenda Kinshasa."

"Na utamutuma mwanamuke? Ataolewa kule, hautamuona tena."

"Ataolewa hapa, ataolewa kule, minajua miye? Utando ni wake."

Niliacha kukuna. Sikuwa nimewahi kuwaza kwamba kuna mahali pengine Numbi angeweza kuwapo, isipokuwa upande wa pili wa dirisha lile. Jioni ile nilikata shauri kumposa kabla mgeni mkubwa hajafika.

Hapa ndipo nilipokosea, na sina wa kumlaumu. Katika desturi yetu mwanamume hapeleki neno lake mwenyewe kwa msichana anayetaka kumwoa. Anamtuma mtu mzima, anayeweza kukataliwa bila yeyote kuvunjika uso. Kaka yangu alikuwa Kolwezi. Mjomba wangu alikuwa Sakania, mtu wa reli, mwenye maneno matamu, aliyekwisha kuposea nusu ya ukoo. Treni ya Sakania ilikuwapo. Ningeweza kupanda Jumamosi. Lakini nilikuwa na haraka, na nilikuwa mvivu, na tena niliona nimepata mtu bora zaidi, hapo hapo, mlango wa pili: Citoyen Kalenga. Nilijiuliza ni nani Numbi anamheshimu kuliko huyu. Sikujiuliza kalamu inayomwandikia safari iko mkononi mwa nani. Yeyote aliyezaliwa penye akili angeliona. Mimi niliona miwani yake, suruali yake iliyopigwa pasi, na jinsi ambavyo ningeonekana nimesemewa na mtu mkubwa.

Nilipomwomba anipelekee posa, Kalenga alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Weye, Mwansa?" alisema. Hakusema kwa dharau. "Bon. Nimesikia. Nitamuambia."

Siku ya pili yake alinikuta karibu na pampu ya kunyonyea hewa. Ilikuwa inanguruma, akanivuta kando. "Nilimuambia," alisema. "Hakusema ndiyo." Alisimama pale, mkono kwenye kitasa cha mlango. Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, naamini alikuwa akingoja nimwulize basi alisema nini. Ni swali la maneno matatu. Nilisema, "Merci, Mukubwa," nikachukua birika nikatoka.

Mjumbe akirudi mikono mitupu, mwanamume hafuati nyuma. Akifuata, anamtukana mjumbe, na msichana anamfanya kama mtu asiyejua anachosema. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na niliishika desturi hiyo kwa nguvu kwa kuwa ilifanana sana na majivuno yangu. Nikawa mtu wa maji tu. Nilianza kumwita Citoyenne. Saa sita nilisema sina njaa, nikaenda kukaa na Banza kwenye gari. Mara ya kwanza Numbi aliniacha niende. Mara nyingine niliporudi nilikuta sahani juu ya kizingiti cha dirisha, imefunikwa na sahani nyingine, viazi vikiwa vimeshamenywa. Nilidhani ni huruma. Niliirudisha ilivyo. Nimekula vyakula vingi maishani mwangu, vingine vya sikukuu, na hakuna sahani ninayoiona mara kwa mara kama ile ambayo sikuila. Kazi iliendelea. Alisema "kidogo," alisema "basi." Wakati mwingine alisimama dirishani muda mrefu kuliko kipimajoto kilivyohitaji, na mimi niliinamia makala nikayapuliza hata yalipokuwa hayahitaji kupulizwa. Miezi ilipita hivyo, watu wawili wakingojana kwa adabu.

Siku ya Commissaire chuo kizima kilitolewa tangu alfajiri kwenda kumpokea kwa ngoma uwanja wa ndege wa Luano. Wanawake walivaa vitambaa vya Chama, wakaimba mpaka sauti zikakauka, kisha wakapakiwa kwenye malori wakarudi kuimba tena mbele ya jengo letu. Sisi wa laboratwari tuliachwa kwa ajili ya utando. Kalenga alivaa abacost mpya, koti la mwaka ule lisilo na tai, iliyombana shingo. Numbi alikuwa na pagne, kitenge cha kijani. Mimi nilikuwa kwenye baraza, nimeambiwa nisionekane, na maji yalikuwa sawasawa, chini kidogo tu ya mstari. Kioo kilikuwa tayari. Balbu imezimika, kama ilivyotakiwa.

Waliingia wengi kuliko chumba. Commissaire alikuwa mnene na mchangamfu, akashika mikono ya watu. Na hapo mpiga picha wake, kijana mwepesi wa kujipenyeza, aliinama juu ya meza kutafuta picha nzuri ya mkono wa mkubwa wake ukishika mkono wa Kalenga, akaishusha kamera yake karibu kabisa na kisanduku, na taa ya kamera ikamulika chumba kizima. Ngoma nje zilikuwa kubwa. Hakuna aliyesikia *tak*. Lakini mimi niliona kupitia dirishani: balbu nyekundu ilikuwa imewaka. Utando ulikuwa umekwisha kuvuka, kwa mwangaza wa mtu asiyehusika, na usingerudi bila kupozwa.

Commissaire alipoigeukia meza, aliiona balbu, akasema kwa Kifaransa kwamba huko Kinshasa pia wana taa zinazowaka. Wote waliokuja naye wakacheka.  Kumwambia mtu kama yule kwamba mpiga picha wake ameharibu onyesho halikuwa jambo la kusemwa mwaka ule. Numbi hakumwangalia Kalenga wala Commissaire. Aliniangalia mimi.

Nilikuwa na kikombe cha maji baridi mkononi. Nilikwisha kukichota bila kufikiri, kwa mazoea. Na hapo nikafikiri. Nikikiacha kikombe kile ndooni, balbu itaendelea kuwaka, wageni watacheka tena kidogo na kwenda kwenye chakula, nafasi itakwenda Kinshasa, na kesho asubuhi Numbi atakuwa upande wa pili wa dirisha. Hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu. Sijui nilisimama muda gani. Nilimwona amebana midomo, kama alivyofanya alipokuwa akitoa kioo kwenye tanuru. Nilimimina. Nikamimina cha pili, na cha tatu.

Balbu ilizimika. Numbi akavuta pumzi, akaanza kueleza, kwa Kifaransa kilichonyooka, jinsi utando unavyotengenezwa, na alieleza kwa urefu, akirudi nyuma, akitaja na shaba ya nchi yetu, akimsifu na Commissaire kwa kufika, kwa sababu alijua nahitaji muda wa kupandisha moto tena. Nilimimina ya moto, nikapuliza, jasho likinidondokea kwenye mbabula. Mwishowe nikainua kidole kwenye kona ya dirisha. "Citoyen Commissaire," alisema, "tafadhali, washeni taa nyinyi wenyewe." Akawasha. *Tak.* Numbi akamwambia azibe lenzi kwa mkono wake, akaziba, na balbu ikabaki. Yule mtu mkubwa alitoa mkono, akaurudisha, akatoa tena, akaanza kucheka kama mtoto aliyepewa baiskeli. Akamwita mpiga picha aje haraka.

"Non, Citoyen!" Numbi alipaza sauti, kiganja chake mbele ya kamera. "Hapana picha!"

Wote wakamtazama Commissaire. Kisha Commissaire akacheka zaidi, na wote wakapata ruhusa ya kucheka. Kwa hiyo hakuna picha ya siku ile. Kwenye matanga walitafuta picha yake ya ujana wakakosa, na mimi nilijua mojawapo ya sababu.

Nafasi ilikuja. Kalenga alinishika bega, akasema nimefanya vizuri, na kwamba chuo hakitasahau, nacho kilisahau mapema tu. Baadaye nilioa mwanamke mwema, Mungu amweke pema, na hakuwahi kuniuliza kwa nini sikupenda kula viazi vitamu. Sikufanya tena ule mtihani. Kuhusu kikombe kile cha maji, yako mambo mengi ninayoyajutia bila shaka yoyote, lakini hilo hadi leo sijui niliweke upande gani. Kuna asubuhi naona ndilo jambo pekee safi nililofanya. Kuna asubuhi natamani ningekuwa mtu mbaya zaidi kwa nusu saa.

Siku ya safari Banza alitumwa kuchukua sanduku la Numbi, nami nikaenda kulibeba. Luano ilikuwa na upepo, na jamaa wa wasafiri walikuwa wamejipanga kwenye uzio. Shangazi yake na mdogo wake walikuwa kwenye foleni ya mizani na mizigo. Numbi alikuja kunishukuru kwa sanduku, akasimama mbele yangu na hakuondoka.

"Mwansa, nikuulize kintu. Juu ya nini ulimutuma Citoyen Kalenga?"

Nilihisi aibu ya miezi yote ikinirudia usoni. "Nilifikiri ni muntu mukubwa."

"Ni mukubwa wangu! Yeye njo anaandika nikwende ao nisikwende. Niseme ndiyo mbele yake, aseme huyu anataka bwana, hataki masomo? Niseme hapana? Nilimwambia: akuye ye mwenyewe."

"Aliniambia hukusema ndiyo."

"Sikusema ndiyo. Nilisema ukuye. Nikangoja. Weye ukaacha hata kula na miye."

Waliita wasafiri kwa kipaza sauti, na watu wakaanza kukumbatiana pande zote. Nilitafuta neno la kusema na nikapata moja tu.

"Nimekuya," nilisema. "Niko hapa. Miye mwenyewe."

Alinitazama, akatabasamu, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Ee," alisema, "umekuya. Lakini umekuya Luano."

Alinipa mkono, kama wenzi wa kazi wanavyopeana, kisha akauwekea na wa pili juu. Alikwenda kwa ule mwendo wake wa haraka. Kwenye ngazi za ndege aligeuka kupungia watu wa uzio, na mimi niliinua mkono pamoja nao wote, kwa hiyo sijui kama aliuona wangu.

Shangazi yake alirudi kutoka kwenye mizani akiguna, na furushi la kitambaa mikononi. Wahudumu walikuwa wamelikataa kwa sababu ya harufu. "Finkubala ya kwabo, nilimukaangia usiku kucha, eti inanuka!" alisema. Kisha akanitazama vizuri. "Weye njo ule wa mayi?" Nilisema ndiyo. Akanisukumia furushi kifuani. "Shika, mwanangu. Kula. Usirudie na njaa."

Nililifungua kwenye kiti cha nyuma cha gari. Walikuwa viwavi waliokaangwa wakakauka, kwa chumvi na pilipili, wa kumtosha mtu mmoja mpaka Ulaya.  Tulipofika barabara kuu Banza alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kiganja wazi, akitaka wake. Nilimnyima. Nilikula mmoja mmoja, polepole, mpaka tukaingia mjini na kitambaa kikawa kitupu.